Nafasi ya Kiganja

Kalista hakuwa mtu wa kuogopaogopa, hilo yeyote wa pale ghalani Sumbawanga atakwambia. Na siku yenyewe ilianza vizuri tu. Kaubaridi ketu ka Ufipa, chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati, watu wanataniana. Lori la Kasmir lilikuwa limeegeshwa mlangoni, linasubiri ndoo za mafuta ya alizeti za kupeleka Kasesya, mpakani.

Kazi ya Kalista ilikuwa kufunga mizigo. Ndoo zikishapangwa juu ya paleti, zile chaga za mbao, yeye huzungusha mikanda ya plastiki, anaikaza kwa mashine ya mkono mpaka inalia, kisha anabana klipu. Mkanda ukikaa sawasawa hupitishi hata kidole chini yake. Miaka yote mizigo yake ilifika mpakani vilevile ilivyotoka. Makuli walimtania kwamba mwanamume akifungwa na huyu, hatoroki ng'o.

Halafu, wiki chache kabla ya siku hiyo, Lucia akafa.

Alikuwa binti yake wa pekee, ndiyo kwanza anaanza kuongea. Maneno yake yalikuwa machache: mama, maji, na "fungua", akitaka kushushwa mgongoni. Alikulia humo humo ghalani, ndani ya mbeleko ya kitenge cha kijani. Kila alipombeba, Kalista alipitisha kiganja chini ya fundo, apate uhakika kwamba mtoto anapumua. Homa ikamchukua upesi, jamani, hata dawa hazijaisha. Timoth, mmoja wa makuli, ndiye aliyekibeba kijeneza kifuani peke yake, maana hakikuhitaji watu wawili. Mbeleko walimzika nayo. Kalista aliifunga fundo mwenyewe, akapitisha kiganja kama kawaida yake.

Aliporudi kazini, mikono yake ikawa na mambo yake. Anakaza mkanda, anapitisha kiganja chini, anaona panabana, anaulegeza. Wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Mzigo mmoja ukamwagika njiani, mafuta yakatapakaa barabarani. Msimamizi, Mama Bertilla, akamwita pembeni.

"Mama Lucia, uchungu wako naujua. Lakini mikanda hii itakuja kuua mtu. Nakuomba, ikaze."

"Nitakaza, mama."

Mtoto hayupo, lakini bado walimwita Mama Lucia. Na yeye aliitika.

Sasa mchana wa siku ile ya lori la Kasmir mawingu yakajikusanya, radi ikaanza kunguruma upande wa milima ya Mbizi. Watu wakaharakisha kupakia kabla ya mvua. Paleti ya mwisho iliwekwa ukingoni kabisa, na lori lenyewe lilikuwa limelalia upande huo kwa sababu ya mteremko. Chini yake Timoth alikuwa amepiga magoti, anafunga kamba za turubai. Kalista, juu ya lori, akautazama mkanda wa paleti ile. Umelegea. Nafasi ya kiganja, kamili. Ndoo zilikuwa zimeanza kuegemea nje, juu ya kichwa cha Timoth.

Akashtuka. Akaipachika mashine, akavuta mara moja.

"Mama."

Akageuka. Hakuna mtu. Kasmir yuko kwenye usukani, anasikiliza redio.

Akavuta tena.

"Mama. Fungua."

Sauti ilitoka katikati ya ndoo. Ilikuwa na kile kikohozi kikavu cha usiku wa mwisho. Mama gani asingeijua? Matiti yake, yaliyokauka tangu msibani, yakaanza kuuma.

"Fungua, mama."

Akatoa kisu mfukoni. Akakiweka juu ya mkanda. Kukata mara moja tu, basi, na angemwona. Moyo wote ulitaka hivyo, asikudanganye mtu.

Chini, Timoth akakohoa. "Dada, umemaliza huko juu?"

Huku mwanawe anabanwa. Huku ni yule aliyembebea mwanawe mpaka shimoni.

"Bado," alinong'ona. "Bado kidogo."

Akarudisha kisu. Akashika mashine. Akavuta.

Mtoto akalia.

Akavuta tena, machozi yanamwagika juu ya mikono. Kilio kikawa kifupi. Kikawa pumzi tu. Akabana klipu. Kimya. Akajaribu kupitisha kidole chini ya mkanda, hakikupita.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe mama yako."

Mara lori likaserereka kidogo kwenye ule mteremko. Mzigo mzima ukainama juu ya Timoth, mikanda ikalia, ikashika. Timoth akatoka chini mbio, rangi imempotea.

"Lo! Ingekuwa ile mikanda ya juzi, leo mngenizika mimi!"

Kalista alishuka, akaenda kukaa peke yake nyuma ya magunia, akalia mpaka mvua ikanyesha na kuisha.

Kesho yake Kasmir akarudi kutoka Kasesya. Hakutania kama siku zote. Alimfuata Kalista na mfuko mkononi, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama Lucia, hiki ni chako? Tulipokata mikanda ya ile paleti ya mwisho tumekikuta katikati ya ndoo. Naapa hakuna aliyekiweka."

Kilikuwa kitenge cha kijani. Kimejaa udongo mwekundu.

Timoth na Mama Bertilla walimsindikiza makaburini saa ile ile. Kaburi walilikuta kama walivyoliacha, majani yameanza kuota juu yake, msalaba umesimama. Hakuna jembe lililogusa pale. Mama Bertilla akaanza kusali rozari, ikamshinda.

Kalista alikaa chini, akakiweka kitenge mapajani. Fundo lilikuwa lake, lilikuwa bado limefungwa. Akajaribu kupitisha kiganja chini yake. Hakikupita. Akajaribu kidole, nacho hakikupita. Kitambaani palikuwa na alama za mikanda, zimedidimia.

Akakigeuza upande wa ndani. Pale Lucia alipozoea kuegemeza mdomo akisinzia, palikuwa pamelowa mate. Kalista akapagusa. Mate yenyewe yalikuwa bado ya vuguvugu.