Pikapu Chini ya Turubai

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Faustina alifunua turubai na kufuta pikapu ya baba yake. Alianza na kioo cha mbele, akafuata milango minne, akamalizia bodi la nyuma, ambalo lilikuwa halijawahi kubeba hata gunia moja tangu gari linunuliwe. Viti bado vilikuwa na nailoni za kiwandani. Kuku akisogea karibu, alirushiwa kokoto.

Mzee Clement, baba yake, alikuwa na hesabu zake. Miaka miwili nyuma, mwenye kambi moja ya watalii alifika kijijini kwao, jirani na Idodi, akanunua Landrover kuukuu ya marehemu babu kwa bei iliyowaacha watu midomo wazi. Gari lenyewe lilikuwa limechoka, na mlango mmoja ulifungwa kwa waya. Basi Clement akauza na ng'ombe wanne, akanunua pikapu mpya ya kupita njia mbaya, akaifunika.

"Hizi za sasa nazo zitakuwa za zamani siku moja," alimwambia Faustina. "Wenzangu watazichakaza zote. Baada ya miaka thelathini itabaki hii tu, mpya kama ilivyotoka dukani. Utaiuza wewe, ujenge nyumba Iringa mjini."

Faustina aliiamini nyumba hiyo. Hata rangi ya madirisha alikuwa ameshaichagua.

"Mgonjwa wenu leo ameamkaje?" Frida, rafiki yake, alimtania kila walipokutana bombani. "Maana kutwa kafunikwa blanketi."

"Ameamka salama. Anakusalimu."

Walikuwa wamemaliza darasa la saba pamoja na kuchaguliwa shule moja ya sekondari. Ilikuwa mbali, kwa hiyo wangekaa bweni. Godoro na sanduku la Faustina vilikuwa tayari. Vya Frida vilisubiri nyanya ziuzwe. Mama yake, Rozalia, alikuwa mjane, na tegemeo lake lote lilikuwa shamba la bondeni, ng'ambo ya korongo.

Zikiwa zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe, nyanya zikaiva. Rozalia alijaza matenga thelathini. Usiku huo mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Fuso la kuchukua mzigo lilifika kwenye korongo, dereva akatazama tope, akasema atasubiri upande wa kijijini hadi saa saba, basi.

Rozalia alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Clement, tope limempanda hadi magotini. Alifuatana na Sosthenes, fundi magari wa kijiji. Walimkuta Faustina peke yake. Baba alikuwa Mbeya msibani, na mama alikuwa hospitali ya Tosamaganga akimuuguza bibi.

"Kamwene, mwanangu," alisalimu Sosthenes. "Tunaomba gari. Hilo linavuta kwa magurudumu yote manne, korongo lile halilisumbui. Nitaendesha mwenyewe. Safari tatu tu."

Akampigia Clement simu, akaweka sauti ya nje.

"Ufunguo ninao huku," alisema Clement. "Nimesahau, nimeondoka nao."

Sosthenes alikata simu, akamgeukia Faustina. "Ni kweli, mwanangu?"

Ufunguo ulikuwa chini ya mto wa Faustina. Baba alimkabidhi mwenyewe, akamwonya asimpe mtu yeyote. Faustina alitazama tope kwenye miguu ya Rozalia. Akawaza misumari ya matenga ikilikwaruza bodi. Akaiwaza nyumba yake ya Iringa.

"Ni kweli, baba," alisema. "Ameondoka nao."

Rozalia alikaza khanga kiunoni, akarudi shambani. Yeye na Frida walivusha matenga manne kwa vichwa kabla Fuso halijaondoka. Mvua haikukatika kwa siku tano.

Siku ya sita Faustina alimfuata Frida bondeni. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Maji mekundu yalichuruzika kwenye mbao za matenga, na nzi walikuwa wengi. Frida alikuwa anamwaga nyanya mtaroni.

"Usisogee, utachafua viatu," alisema Frida bila kuinua kichwa. "Mimi naenda Mbeya, kwa shangazi. Ana mgahawa, anataka mtu wa kuosha vyombo."

"Na shule?"

"Utanisimulia."

Faustina akasema, "Frida, ufunguo ulikuwepo. Ulikuwa chini ya mto wangu."

Frida alimwaga tenga jingine hadi mwisho. "Kamwambie mama," alisema. "Mimi usiniambie kitu."

Faustina alikwenda akamwambia. Rozalia alimsikiliza, akamshika mkono, wakaenda hadi kwa Clement, ambaye alikuwa amerudi jana yake. Sosthenes alikuwepo pia. Faustina alirudia yote mbele yao.

Clement alikohoa. "Ile ni mali ya kesho," alisema. "Ingekwaruzwa, thamani imekwisha."

"Landrover ya baba yako ilipouzwa mimi nilikuwepo," alisema Sosthenes. "Yule mnunuzi aliuliza kila palipobonyea. Nikamweleza: hapa ilibeba kengele ya kanisa, hapa iligonga mti ikiwahisha mjamzito hospitali. Akaandika yote kwenye daftari. Alinunua kazi ya baba yako, Clement. Hii yako atakayeuliza ataambiwa nini? Kwamba ilifunikwa? Na ina kompyuta ndani. Ikilala miaka thelathini, sijui ni fundi gani ataiamsha. Labda watu watazitafuta, labda zitauzwa chuma chakavu. Mimi sijui, na wewe hujui. Nyanya tulizijua."

Kesho yake alfajiri Clement alichana nailoni za viti, akampa Sosthenes ufunguo. Wiki hiyo pikapu ilivusha nyanya za majirani wote waliokuwa hawajauza. Bodi lilikwaruzika, taa moja ikapasuka. Clement aliahidi kubeba mavuno yajayo ya Rozalia bila malipo, na Rozalia alikubali, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Ila Frida alikuwa ameshapanda basi la Mbeya.

Siku ya kwenda shule, Faustina alimwomba baba asimamishe pikapu shambani kwa Rozalia. Alimkuta anapanda miche upya.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe." Rozalia hakuacha kufukia mche. "Lakini usiniombe niseme yamekwisha. Mwanangu yuko jikoni kwa watu, na mwaka huu umempita. Baba yako alikosea, na wewe ulikosea. Ulikuwa unaujua ukweli, ukaulizwa, ukaona gari ni bora kuliko mtu. Siku nyingine ukiulizwa, sema, hata kama aliyekukataza ni mzazi wako. Kusema baadaye ni vizuri, ila nyanya zinakuwa zimeshaoza. Haya, nenda. Ukasome."