Chupa Sita za Mwalimu

Maiti zilikuwa milioni kumi na mbili, na zote zilikuwa zinaelea.

"Milioni ngapi?" Sajini aliuliza, kalamu ikiwa imesimama hewani.

"Kumi na mbili," alijibu mtafiti kwa sauti iliyokauka. "Kila chupa milioni mbili. Chupa zilikuwa sita."

Sajini alimtupia Inspekta jicho la kuomba ruhusa ya kucheka. Inspekta hakumpa. Miaka ishirini na sita ya kazi ilimkutanisha na maiti za mitoni, za mashimoni, na moja iliyokunjwa ndani ya kabati la nguo. Kituoni walimwita Bi Nani, kwa sababu katika kila kesi alianza na swali moja: marehemu ni nani? Maiti za kutazamwa kwa darubini, hizo hakuwahi kuletewa.

Ila asubuhi ile alimkuta binti wa watu amesimama kaunta na koti lake jeupe, anaeleza kwamba seli zake zimeuawa, na askari wa zamu wanashikana mabega kwa kicheko. Bi Nani alichukua kesi kwa hasira tu. Maelezo mengine angeyasikia njiani.

Na njiani aliyasikia. Binti alikuwa mtafiti msaidizi wa seli za saratani. Wenzake walimbatiza Darubini, maana akishainamia ile mashine hata ukimwita chakula tayari hasikii. Keshokutwa, Jumatano saa nne asubuhi, alikuwa na usaili wa ufadhili: miaka mitatu ya mafunzo ya saratani na baiolojia ya seli, kisha kazi ya kudumu akirudi. Nafasi ilikuwa moja na waliobaki walikuwa wawili. Kila mmoja alitakiwa kuweka mbele ya kamati seli hai alizozikuza mwenyewe.

"Ukikosa mwaka huu?" Bi Nani aliuliza.

"Wiki ijayo natimiza miaka thelathini na mitano. Baada ya hapo hawapokei maombi."

Bi Nani aliyajua machungu hayo. Aliwahi kuchaguliwa kwenda kozi ya upelelezi ng'ambo, na barua yake ikalala miaka miwili kwenye droo ya bosi wake. Alipoipata, kozi ilikuwa imeshafungwa. Hakuwa amesamehe, na wala hakukusudia kusamehe.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti. Ukutani palibandikwa matangazo ya ufadhili, jipya juu ya kuukuu, mengine yamepauka hadi tarehe hazisomeki. Kwenye kona lilikaa pipa la naitrojeni la kugandishia akiba ya seli. Makabati mawili ya joto, kila moja kimo cha friji ndogo, yalinguruma taratibu, ndani joto la mwili wa binadamu usiku na mchana.

Darubini alifungua kabati la kwanza. Chupa sita bapa zilikuwa zimepangwa, kila moja na lebo ya karatasi yenye mwandiko wake mdogo, wa kubana. Maji ndani yake, yaliyotakiwa kuwa mekundu kama damu ya mzee, yalikuwa yamechafuka.

"Ziliishi kwa nani kabla ya hapa?" Bi Nani aliuliza.

Swali lilimgusa binti. Akavuta kiti.

"Kwa mwalimu mstaafu. Alikuwa na saratani ya titi. Alipofanyiwa upasuaji niliomba kipande cha uvimbe, akatia saini, akanishika mkono. Akaniambia, 'Nimekupa. Usije ukaniambia umeupoteza.'" Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Uvimbe wake haukusikia dawa mbili zinazotumika sana. Nilikuwa karibu kujua kwa nini. Hizi chupa ndizo zote, mama. Za akiba ziliharibika mwaka jana gari la naitrojeni lilipochelewa."

"Leta vifaa," Bi Nani alimwambia Sajini, ambaye sasa hakuwa na hamu ya kucheka. "Piga picha kila chupa. Mlango, vitasa, kila kitu. Hili ni eneo la tukio."

Profesa, mkuu wa maabara, aliingia akipangusa miwani yake.

"Afande, mambo ya ndani tuyamalize ndani. Seli hufa. Ni bahati mbaya tu."

"Ulizitazama?"

"Nilisoma lebo. Ni za kwake."

"Nani aliingia humu mwisho wa juma?"

Profesa alisogeza mbele daftari la mlangoni. Ijumaa Darubini alitoka saa kumi na moja jioni, akifuatiwa na mtafiti mwenzake saa kumi na mbili. Jumapili aliingia mtu mmoja tu, fundi sanifu wa maabara, anayeitwa Mzee Barafu.

Walimkuta stoo, anahesabu glavu. Mwembamba, mvi kichwa kizima, koti limefuliwa hadi limekuwa kijivu.

"Jumapili ulifuata nini?"

"Kujaza pipa, afande. Tangu akiba ya huyu binti iharibike kila mtu ananinyooshea kidole. Kwa hiyo kila Jumapili nakuja mwenyewe. Silipwi."

"Ulifungua kabati?"

"Sikufungua. Seli za watu hazifunguliwi hovyo, zinapata baridi."

"Una kinyongo na binti?"

"Mimi?" Mzee Barafu aliweka glavu chini. "Nimefundisha vijana kumi na tisa kushika chupa bila kutetemeka. Kumi na saba wamepata ufadhili, wako huko wanaitwa madaktari. Huyu ndiye pekee anayenisalimia kabla ya kuuliza glavu ziko wapi. Kinyongo nitakitoa wapi?"

Sajini alinong'ona kwamba wazee wapole ndio wabaya. Bi Nani alimwambia amwombe mzee aziangalie zile chupa kwanza, umbea baadaye.

Mzee Barafu aliinama kwenye darubini. Alitazama chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliponyanyua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Binti, mara ya mwisho ulizilisha lini?"

"Ijumaa saa kumi. Zilikuwa zimeshika chini vizuri, zimejaa."

"Hizi hazikufa Ijumaa. Zimesambaratika, zimebaki vumbi. Ni za siku kumi, au zaidi."

 Darubini aliinama kutazama mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa analia, na aliyelia hasomi saa ya kifo.

Bi Nani alihisi ule mwasho mtamu nyuma ya shingo anaoupata kesi ikianza kujisema.

"Sasa nijibuni swali langu," alisema. "Marehemu ni nani?"

"Si lebo inasema..." Profesa alianza.

"Profesa, nikiokota maiti mtoni mfukoni ina kitambulisho cha mtu, simpelekei mkewe taarifa ya msiba. Namtambua kwanza. Nani amezitambua hizi?"

 Watu wenye shahada ukuta mzima, na kila mmoja alikuwa ameamini karatasi ya gundi. Seli zikiwa hai kila moja ina umbo lake. Zikifa zote ni vumbi moja, na hapo lebo ndiyo husadikiwa.

"Mwalimu ni mwanamke," Bi Nani aliendelea. "Sisi tukipata mwili ulioungua, kipimo cha kwanza ni jinsia. Vinasaba vya mwanamume vina kromosomu ambayo mwanamke hana. Sajini, chota kila chupa, funga, weka muhuri, peleka maabara ya uchunguzi wa jinai. Waambie ni maiti milioni kumi na mbili. Watacheka, lakini watapima."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia kijana mrefu, koti limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, tai ndani yake. Ndiye yule mtafiti wa pili, mshindani wa Darubini. Walimwita Mheshimiwa.

"Dada, pole sana," alimwambia Darubini, akampa leso. "Nimesikia sasa hivi. Kama si sheria ningekugawia za kwangu."

"Za kwako zinaendeleaje?" Bi Nani aliuliza.

"Nzuri mno, namshukuru Mungu. Saratani ya ini. Ziko kabati la pili."

"Zilitoka kwa nani?"

"Kwa mgonjwa mmoja, dereva wa lori. Marehemu sasa."

"Dereva mwanamume?"

"Ndiyo." Aliangalia saa. "Kwa nini?"

"Napenda tu kufahamiana na watu," Bi Nani alisema.

Mali ya kuibiwa huwa inafichwa darini au chini ya kitanda. Hii ingekufa humo. Mwizi alilazimika kuilaza kwenye joto la mwili na kuilisha, na makabati ya namna hiyo katika jengo zima yalikuwa mawili tu. Bi Nani hakuligusa kabati la pili mbele ya mwenyewe. Aliomba hati ya upekuzi, akaweka askari mlangoni, na mchana ule ule wakachota tone moja kutoka kila chupa ya Mheshimiwa mbele ya Profesa na Mzee Barafu kama mashahidi. Mheshimiwa alisema hana pingamizi. Aliyasema hayo mara tatu.

Majibu yalikuja Jumanne saa nane mchana. Sajini aliyaleta mbio, shati limechomoka.

"Afande! Wale wafu wa Darubini..."

"Wanaume."

"Chupa zote sita! Na zile hai za Mheshimiwa ni za kike."

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Huyu hakufikisha hata tano.

Mheshimiwa alikaa chumba cha mahojiano mikono juu ya meza, tai bado imenyooka. Bi Nani alimsomea onyo, kisha akaweka mbele yake karatasi mbili na kifuko cha plastiki.

"Dereva wako wa lori amegeuka mwanamke."

"Maabara zenu hukosea."

"Inawezekana. Na hii?" Alisogeza kifuko. Ndani mlikuwa na lebo moja, mwandiko mdogo wa kubana. "Tumeibandua kwenye chupa ya wafu. Upande wa gundi una alama ya kidole gumba."

"Mimi huvaa glavu muda wote."

"Najua. Mzee Barafu aliwafundisha. Lakini glavu hunata kwenye gundi, si ndiyo? Ukitaka kubandua lebo bila kuichana unatumia ukucha. Ulivua. Unataka nikuoneshe gumba ni la nani?"

 Mheshimiwa alilegeza tai, kwa mara ya kwanza.

"Ijumaa," Bi Nani alisema. "Saa kumi na moja hadi kumi na mbili. Nisimulie."

"Zilikufa siku kumi kabla," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisafiri siku nne. Nikadhani zitavumilia. Niliporudi, maji yalikuwa yamegeuka manjano."

"Ungesema ukweli. Zingeoteshwa nyingine."

"Lini? Usaili ulishapangwa." Alifunika uso. "Nilibadilisha lebo tu, afande. Sikuua kitu. Ningezilisha vizuri. Kamati ingetazama dakika mbili, ingeona zinaishi, basi."

"Na mwenzako?"

"Angeomba mahali pengine."

"Wiki ijayo ana thelathini na mitano. Ulijua?"



"Nilijua," alisema. "Nyumbani wananiita daktari tangu nina miaka kumi na miwili. Baba ameshatangaza kwa ukoo mzima kwamba nafasi ni yangu. Ningewaambia nini? Kwamba nimeshindwa na binti anayekuja kazini na viatu vyenye viraka? Niliogopa. Nilimwonea wivu. Yeye hata seli zinampenda."

Bi Nani alimsukumia kalamu aandike maelezo yake. Alimwonea huruma kidogo, kidogo sana, ya kutosha kumpa na glasi ya maji.

Jumatano saa nne kasorobo chupa zilirudishwa, zimeshapigwa picha zote za ushahidi. Mzee Barafu alizibeba kutoka kabati hadi chumba cha usaili akitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na yeyote aliyekatiza njiani alitazamwa vibaya.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkali wa miwani minene, aliinama kwenye darubini. Bi Nani alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, bila kazi yoyote pale, na hakuona haya.

"Zinagawanyika," mwenyekiti alisema. "Lakini tumesikia mambo ya maabara hii. Utanithibitishiaje kwamba hizi ni za mgonjwa uliyemwandika?"

Darubini alifungua faili lake.

"Juzi ningekuonesha lebo," alisema. "Leo siwezi kujibu hivyo." Akaweka mezani ripoti ya polisi yenye muhuri. "Hii inasema ni za mwanamke. Haitoshi. Jana jioni nilimwomba Mwalimu tone la damu, nao maabara ya jinai wakalinganisha vinasaba usiku kucha. Karatasi ya pili. Alama zote zimelingana. Sehemu ya kwanza ya utafiti wangu sasa itakuwa hiyo: kila seli kabla ya kupimwa dawa, itambuliwe kwanza."

Mwenyekiti alisoma karatasi ya pili mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Nani alikufundisha kushika chupa?"

"Yule pale," alisema Darubini, na Mzee Barafu akajaribu kujificha nyuma ya mlango.

Hawakuchukua hata nusu saa. Mlango ulipofunguliwa, mwenyekiti alimpa Darubini mkono, na mkononi mlikuwa na barua ya ufadhili. Karatasi nyingine alimkabidhi Mzee Barafu. Ilikuwa fomu ya mafunzo ya mafundi wa maabara, ambayo haina kikomo cha umri, na sehemu ya mdhamini ilikuwa imeshasainiwa. Mzee aliigeuza huku na huku, akaomba radhi, akatoka nje kidogo.

"Iwasilishe leo," Bi Nani alimfuata kumwambia. "Nitakusindikiza mwenyewe. Mimi na droo za watu hatuelewani."

Darubini alikuwa kwenye korido, simu sikioni, anacheka na kulia pamoja. Hakuna binadamu aliyewahi kufurahi namna ile kwa sababu saratani iko hai.

"Mwalimu, mzigo wako upo. Haukupotea."

"Na wewe?" sauti ya upande wa pili ilisikika hadi kwa Bi Nani, sauti ya mtu aliyenyamazisha madarasa maisha yake yote.

"Nimefaulu, Mwalimu."

"Najua umefaulu, nauliza unaondoka lini. Nenda kasome hizo seli zangu, uniletee majibu. Mimi nitakuwepo kusahihisha."