Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Wegesa alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaingia zizini kujaribu kukamua. Kazi ya kukamua ilikuwa ya mama yake. Lakini mama alikuwa amelazwa hospitalini Musoma, na baba alikuwa huko akimwuguza. Nyumbani alibaki Wegesa na bibi yake asiyeona vizuri, pamoja na mdogo wake Mihayo, ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

Ulikuwa mwaka 1974. Familia yao ilikuwa imehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Nyamuswa. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka, lakini majirani wao wa zamani walipelekwa vijiji vingine. Wegesa hakuwa na mtu wa kuongozana naye shuleni.

Siku hiyo Mwalimu Dafroza aliandika ubaoni neno la Kiingereza: coax.

"Nani anajua maana yake?"

"Ni kudanganya mtu kwa upole," alisema Wegesa.

Shida, aliyekaa nyuma yake, akacheka. "Kumbe huko kwenu mnadanganyanaga kwa upole?"

"Nyamaza, Shida," alisema mwalimu. "Wegesa, umekaribia, lakini sivyo. Ni kubembeleza mpaka mwenzako akubali mwenyewe. Kesho kila mtu alete sentensi ya jambo alilolifanya kweli."

Jioni ng'ombe alibana maziwa tena, kama asubuhi. Ndama alinyonya kidogo, lakini Wegesa alipomwondoa na kuanza kukamua, hakikutoka kitu. Ndani, Mihayo alikuwa ameukataa uji tangu jana, na sauti yake ya kulia ilikuwa imekauka.

Mzee Wanzagi, jirani yao, alisimama nje ya zizi. "Mfunge miguu umchape, binti. Huyo anamjua mama yako tu. Wewe kwake ni mgeni."

Wegesa alimfunga, akamchapa. Ng'ombe akaruka, kibuyu kikabiringika kwenye samadi. Mzee Wanzagi akatikisa kichwa, akaenda zake.

Wegesa alibaki peke yake. Alitaka kulia, lakini kulia kusingeleta maziwa. Akajiuliza mama hufanya nini ambacho yeye hafanyi. Akafungua kamba, akaosha kibuyu, akamkuna ng'ombe shingoni huku akiimba polepole wimbo wa mama wa kukamulia. Sauti yake haikufanana na ya mama. Ng'ombe alimtazama, akasogea mbali. Wegesa akamfuata bila haraka, akaanza upya. Bibi aliita kutoka ndani.

"Bado, bibi," alijibu.

Giza lilikuwa limeanza kuingia ng'ombe alipotulia na kucheua. Maziwa yakatoka, kwanza matone, kisha mkondo. Hayakujaza kibuyu, lakini yalimtosha Mihayo.

Kesho yake Wegesa alisoma sentensi yake darasani, akaeleza yote, hata fimbo. Safari hii Shida hakucheka.

"Sentensi ni sahihi," alisema Mwalimu Dafroza. "Fimbo haikutoa maziwa. Wala hukumdanganya, maana hukujifanya mama yako. Anayebembeleza humwachia mwenzake nafasi ya kukataa, naye hachoki kurudia. Ndiyo maana huchukua muda."

Wegesa alibaki amesimama. "Mwalimu, mama atarudi lini?"

"Sijui," alisema mwalimu. "Jioni ya leo mkamue ng'ombe tena."