Darasa Juu ya Kichuguu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema, kabla mke wangu Josephina hajanitangulia, maana yeye akilisimulia hulitia chumvi.

Naitwa Bazilio. Nalima mihogo na maharage hapa Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimefundishwa na jembe, na kuanguka mara nyingi na baiskeli yenye mzigo.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, shule na vyuo vilifungwa. Binti yetu Yusta akarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mwaka wa tatu, anasomea udaktari wa meno. Nilifurahi sana. Nilidhani nimepata mtu wa kupalilia maharage.

Lakini kila siku, ikifika saa nne asubuhi, Yusta aliweka jembe chini. Alichukua simu na daftari, akapanda juu ya kichuguu kikubwa kilicho pembeni mwa shamba. Huko ndiko mtandao unakokamata. Alikaa huko mpaka saa sita, akiongea na simu.

"Unaongea na nani?" nilimuuliza siku moja.

"Na mwalimu, baba. Tunasoma kwa simu. Wenzangu wengine wako Tanga, wengine Songea. Kila mtu yuko kwao."

"Mnasoma kutibu meno kwa simu?"

"Tunasoma maelezo na picha. Kazi ya mikono tutafanya chuo kikifunguliwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Josephina! Njoo umwone daktari wako! Anatibu mchwa!"

Yusta hakucheka. Mtandao ulikuwa umekatika. Alishuka taratibu, akashika jembe.

"Hili ni somo la pili ninalokosa wiki hii," alisema. "Nikikosa mengi, baba, wenzangu watapanda mwaka wa nne, mimi nitabaki."

Kwangu mimi, mtu mwenye simu sikioni alikuwa mvivu tu.

Wiki iliyofuata Ange akaugua. Ange ni kitinda mimba wetu. Alikuja wakati watu wameshaanza kuniita babu. Alikuwa na miezi saba, na alikuwa amenishika kabisa. Nikirudi shambani, hunivua kofia kabla sijakaa.

Alihara siku mbili. Mwili ulikuwa wa moto. Alilia, akatafuna vidole, akalia tena. Kofia yangu hata hakuitazama.

"Tumpeleke zahanati," alisema Josephina.

"Subiri kwanza," nikasema. Nilimfungua mdomo. Kwenye ufizi wa juu niliona uvimbe mdogo, mweupe. Moyo ukashtuka. "Haya ni meno ya plastiki! Zahanati hawayajui haya. Twende kwa Mzee Stanislaus."

Sisi huku tuliamini hivyo. Mtoto mchanga akihara na kupata homa, watu humwangalia ufizi. Wakiona uvimbe mweupe, wanasema ni meno ya plastiki, na kwamba yasipotolewa mtoto atakufa. Mzee Stanislaus, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akiyatoa. Alitumia spoki ya baiskeli aliyoinoa.

"Yusta ndiye anayesomea meno," Josephina alisema. "Tumuulize kwanza."

"Yusta anasomea simu," nikajibu.

Nikamfunga Ange kwenye kitenge, nikatoka. Josephina akanifuata nyuma, ananung'unika. Njia ya kwenda kwa Mzee Stanislaus inapita chini ya kile kichuguu. Ilikuwa saa nne na nusu. Yusta alikuwa darasani kwake, juu. Alipotuona alishuka mbio, simu mkononi; siku hiyo, kwa bahati, mtandao haukukatika.

"Baba, unampeleka wapi Ange?"

"Kwa Mzee Stanislaus. Ana meno ya plastiki."

Yusta akasimama katikati ya njia. Alinyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Hapana, baba. Nipe dakika tano tu."

"Nipishe! Rudi kwa mchwa wako! Mtoto anakufa, wewe unataka kunifundisha!"

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu. "Yusta, kuna nini huko?"

Nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya simu kuna watu.

"Nani huyo?" nikanong'ona.

"Ni Daktari Swaumu, mwalimu wetu. Na wanafunzi wenzangu arobaini."

Arobaini! Wote wamenisikia nikibwata! Nikavua kofia haraka. "Shikamoo, daktari," nikasema.

"Hapana, mzee wangu, shikamoo wewe," alijibu, na nikasikia vijana wakicheka huko Tanga na Songea. Kisha sauti yake ikawa ya kazi. "Yusta, nawa mikono vizuri. Mwangalie mtoto mdomoni. Utuambie unachoona."

Josephina alimmiminia maji ya kidumu cha shambani. Yusta alimchukua Ange, akamlaza mapajani mwa mama yake, akaingiza kidole polepole.

"Ufizi wa juu umevimba kidogo, kulia na kushoto," alisema. "Ni mahali pa chonge. Una weupe. Hakuna usaha wala kidonda."

"Mansuri, huo uvimbe ni nini?" mwalimu akamuuliza mmoja wa wanafunzi.

Sauti ya kijana ikajibu. "Ni jino la utotoni, daktari. Liko chini ya ufizi, bado halijatoka. Kila mtoto analo."

"Ni la plastiki?"

"Hapana, daktari. Hakuna jino la plastiki."

"Mtu akilichimbua?"

"Mtoto atatoka damu nyingi. Jeraha linaweza kuoza, na mtoto anaweza kufa. Hata akipona, jino la ukubwani linaweza kuharibika, au lisiote kabisa."

Nikakaa chini, pale pale njiani.

"Basi kwa nini anahara?" nikauliza.

"Umeuliza vizuri, mzee wangu. Ange anatambaa?"

"Kama pikipiki."

"Anaokota vitu?"

"Kila kitu. Juzi alikula majani ya maharage na udongo wake."

"Ndiyo hayo. Uchafu unaingia mdomoni, tumbo linachafuka. Na umri huohuo ndio ufizi unavimba kwa ajili ya meno. Mambo mawili yanakuja pamoja, basi tunalisingizia jino. Ananyonya?"

"Ananyonya, lakini kidogo," alijibu Josephina. "Na mdomo umekauka."

"Anapungukiwa maji mwilini. Hilo ndilo linaloua. Msisubiri hata saa moja. Nendeni zahanati, na mama umnyonyeshe njia nzi..."

Simu ikakatika. Bando lilikuwa limekwisha. Lakini nilikuwa nimeshasikia ya kutosha. Nilikimbia barabarani kutafuta bodaboda, kofia nimeiacha chini.

Zahanati tulinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, tukavaa barakoa. Muuguzi, kijana anayeitwa Felician, alimpima Ange, akachanganya dawa ya maji mbele yetu.

"Hii inaitwa ORS," alisema. "Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila anapohara. Ikipita siku nzima, mwaga iliyobaki, changanya nyingine. Na hivi ni vidonge vya zinki. Mpe siku kumi, hata akiacha kuhara. Asiache kunyonya. Akikataa kunyonya, akilegea, au mkiona damu kwenye choo chake, mrudisheni mara moja."

Josephina alishika kikombe, mimi nikashika kijiko. Kijiko baada ya kijiko, mpaka jioni. Nilikuwa nikimtazama huyo mtoto, nawaza ile spoki. Sikufanya utani hata mmoja. Josephina akaniuliza kama na mimi naumwa.

Siku ya tatu Ange alinivua kofia.

Jioni hiyo nilimfuata Yusta. Alikuwa amekaa chini ya kichuguu, anasoma daftari lake.

"Mwanangu," nikasema, "nimekucheka sana."

"Nimezoea, baba."

"Hata hivyo. Unahitaji nini ili usome?"

Alifikiri. "Saa mbili za utulivu, kuanzia saa nne. Na bando. Mwalimu hutuma pia masomo ya sauti. Nikiyapakua alfajiri, mtandao unakuwa mwepesi. Halafu nayasikiliza nikipalilia."

"Kumbe unaweza kusoma na jembe mkononi?"

"Ndicho ninachofanya kila siku, baba. Hukuniuliza."

Kisha akainamisha kichwa. "Huwa naogopa," alisema. "Naona picha tu. Sishiki mgonjwa. Nafikiri nitakuwa daktari wa picha. Siku ile nilipomgusa Ange, nikaona kitu kilekile nilichosomea hapa juu. Kumbe kimeingia."

Nikamwekea mkono kichwani, kama alipokuwa mdogo.

Kesho yake nilikata ngazi kwenye kichuguu. Nikajenga kibanda cha nyasi juu yake, ili jua na mvua visimfukuze. Saa nne ikifika, hakuna anayemwita Yusta. Nikitaka kuongea, Josephina ananionyesha kidole. Somo hakukosa tena, ila siku za radi, na siku hizo wenzake walimtumia sauti.

Habari za Ange zilienea. Mama mmoja alipita mlangoni kwa Mzee Stanislaus na mtoto anayehara, asisimame, akaenda zahanati. Kisha wa pili.

Mwishoni mwa Mei, Mzee Stanislaus akaja kwangu. Vyuo vilikuwa vimetangaziwa kufunguliwa. Yusta alikuwa amekaa kizingitini na kisu kidogo. Alikuwa akichonga kipande cha sabuni ya mche kiwe na umbo la jino. Mwalimu alikuwa amewapa zoezi hilo ili mikono ianze kuzoea.

"Shikamoo, babu," alisema Yusta.

"Marahaba. Ndiyo udaktari wenyewe huo? Kuchezea sabuni?"

"Najifunza, babu."

"Mimi nimetoa meno ya watoto miaka thelathini! Bazilio, unamsikiliza huyu aliyesomea kwenye kioo cha simu?"

Kabla sijajibu, kisu kikateleza. Jino la sabuni likapasuka vipande viwili. Mzee Stanislaus akapiga makofi kwa furaha.

"Umeona! Hata sabuni inamshinda! Hilo ni la ngapi?"

"La tano," alisema Yusta.

"La tano! Na bado anawaambia watu mimi nakosea!"

Yusta aliokota vile vipande viwili, akavitia kwenye beseni la nguo.

"Sabuni ikiharibika, babu, nafulia," alisema. "Mtoto akiharibika, wewe unamfanyia nini?"