Kaseti ya Roketi za Shengena

Lembris alikuwa kibandani kwake stendi ya Same, akiwajazia watu nyimbo kwenye simu, Evaline alipotokea na gauni la njano na kaseti kwenye leso. Gauni lile lilimfanya hata mpiga debe asahau basi lake linakwenda wapi.

"Nataka hii iingie kwenye simu, kaka. Ni albamu ya baba. Yuko mlimani Vudee, anaumwa. Anataka aisikie kabla hajaondoka."

Lembris akatazama jalada: vijana wanne, nywele kama vichuguu, suruali za bugaluu zinazofagia vumbi. Roketi za Shengena. Miaka ya sabini, watu wakitaka rumba, hawa walikwaruza magitaa kama mabati yanayoburutwa. Walichekwa Same hadi Mwanga.

"Huyu wa katikati ndiye baba? Basi uzuri umeutoa kwa mama."

"Cheka tu, mtu wa ng'ombe. Lini?"

"Kesho."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Kazi ilikuwa ya asubuhi moja, lakini mwanaume akipenda, haharakishi kazi inayomrudisha mpenzi. Kila Evaline aliposhuka mlimani, mashine ilikuwa imegoma na chipsi zilikuwa za moto.

Jioni, simu.

"Umelala, mama watoto?"

"Watoto wa nani? Kaseti yangu."

"Nyie Wapare mtauza ng'ombe mshinde kesi ya kuku."

"Na nyie wafugaji mngeruhusiwa mngemuoa huyo ng'ombe."

Raha ikamlevya Lembris. Siku moja akarusha kipande cha wimbo kwenye stetasi ya simu yake, yeye na wenzake wakiangua kicheko kwa nyuma, akaandika: dawa ya kufukuza nyani.

Evaline hakupokea simu tena.

Ndipo Lembris alipofunga kibanda akaisikiliza kaseti yote kwa mara ya kwanza. Upande wa pili gitaa liliacha kukwaruza. Lilikwenda polepole, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo, hajibiwi, wala hachoki. Watu hawakuwahi kufika huko. Walicheka mapema wakazima. Akarudia, akarudia tena. Kisha akasafisha sauti, akabeba spika, akapanda Vudee.

Alikuta turubai uani. Mzee Aminieli, baba yake Evaline, alikuwa amezikwa jana yake.

Evaline, kanga kiunoni, akamvuta nyuma ya migomba.

"Kazi ya kuinakili niliimaliza siku ile ile uliyoileta, Eva. Nilikudanganya ili uendelee kushuka."

"Nilijua tangu chipsi za pili. Na bado nilishuka."

Lembris akashusha spika begani.

"Mzee aliisikia?"

"Kipande chako. Jirani alikuwa nacho kwenye simu. Baba akaniuliza, 'Mbona wanacheka?' Nikamwambia wanacheza, baba, wamefurahi. Akasema, 'Wamechelewa, lakini wameelewa.' Hakusema neno jingine."

Lembris akamwekea spika miguuni. "Ni albamu nzuri. Naapa."

"Najua ni nzuri. Nimekua nayo."

"Nisamehe. Nikuoe, Eva."

"Nimekusamehe, mpenzi. Nakupenda, na hilo ndilo baya lenyewe. Ila nikikuona nawaona wawili, wewe na mimi, tunakula chipsi huku baba anangoja." Akafuta uso kwa pindo la kanga. "Kunywa chai kwanza, njia ni ndefu."

Lembris akaketi kati ya wafiwa, akapewa kikombe cha chai ya tangawizi. Mama mmoja akamgeukia: "Na wewe baba, ni nani kwa marehemu?"

"Fundi," akajibu.