Viatu Vyekundu vya Fridah

"Fridah, ndara zangu ziko wapi?"

Eugene aliuliza swali hilo kila asubuhi. Na kila asubuhi Fridah alizivua miguuni akampa. Eugene alizivaa, akaenda kuoga, akarudi, akaziacha mlangoni. Hakuuliza kwa nini mkewe anavaa ndara za mwanamume.

Waliishi Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Eugene alikuwa ametoka bara kuja pwani kutafuta kazi. Sasa aliuza misumari, rangi na mabati katika duka moja mjini. Fridah alishona sare za shule pale nyumbani. Ujauzito wake wa kwanza ulikuwa umeingia mwezi wa nane.

Asubuhi moja, Fridah alimmiminia mumewe chai.

"Kichwa kinaniuma tangu juzi," alisema.

"Pole sana," Eugene alijibu, macho yake kwenye simu. "Kunywa maji mengi. Leo nitarudi mapema. Unajua leo ni tarehe ngapi?"

Fridah alijua. Ilikuwa tarehe kumi na nne Februari, siku ya wapendanao. Siku hiyo moja, Eugene alikuwa mume wa kupigiwa mfano. Kila mwaka alivaa shati jekundu na kumletea mkewe zawadi. Kisha alimpiga picha na kuiweka kwenye simu ili marafiki waione. Dukani walishindana. Mwaka uliopita mwenzake Thuku alimpeleka mkewe hotelini kula keki. Picha ile ilisifiwa mno, na Eugene hakuisahau. Mwaka huu alikuwa ameapa kumshinda.

Saa tisa alasiri alirudi na kisanduku. Ndani mlikuwa na viatu vyekundu vya visigino virefu.

"Namba thelathini na nane," alisema kwa fahari. "Namba yako kabisa! Vaa nikupige picha."

Fridah alikaa kitini. Aliingiza vidole ndani ya kiatu. Mguu ukakataa kuendelea.

"Jikaze kidogo," Eugene alisema, simu mkononi. "Sukuma."

Fridah alisukuma. Kisigino chake kilibaki nje. Alisukuma tena, kisha akaanza kulia.

"Hujavipenda? Nikabadilishe rangi?"

"Eugene, wiki mbili sasa navaa ndara zako. Viatu vyangu vyote havinitoshi. Hukuona?"

Eugene alitazama chini. Miguu ya mkewe ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa. Aliona haya, na simu akaiweka mezani.

"Hodi hapa!" sauti iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao Kadii, ameleta ungo aliouazima. Kadii alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Tena alikuwa mzee wa kanisa lao, mwanamke asiyepepesa maneno.

"Shikamoo, Mama," Eugene alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona shati jekundu na kilio nyumba moja?"

Hakungoja jibu. Alipiga magoti na kubonyeza mguu wa Fridah kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Kichwa chauma?"

"Sana. Tangu juzi."

"Na macho je?"

"Mara naona vitu vinametameta," Fridah alisema. "Mara naona ukungu."

Kadii alisimama. "Wajawazito wengi huvimba miguu. Lakini kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, hiyo yaweza kuwa presha ya ujauzito. Ikiachwa, huleta kifafa cha mimba. Mama aweza kufa, na mtoto pia."

"Kliniki yake ni Jumatano," Eugene alisema.

"Jumatano ni mbali, mwanangu. Ita tuktuk sasa hivi. Na kitabu cha kliniki usikisahau."

Hospitalini muuguzi alimpima Fridah. Presha ilikuwa juu sana. Alipewa dawa, akalazwa.

"Mmefanya vyema kuja leo," muuguzi alimwambia Eugene. "Mtoto anacheza vizuri. Tutawaangalia wote wawili."

Eugene alikaa kwenye benchi nje ya wodi, Kadii kando yake. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Thuku: "Picha iko wapi? Umeshindwa?" Eugene aliizima.

"Alinieleza asubuhi, Mama," alisema. "Nikamwambia anywe maji. Akili yangu yote ilikuwa kwenye viatu. Ningempoteza nikiwa na zawadi mkononi."

"Ungempoteza, ndiyo," Kadii alisema.

Eugene alijifuta machozi. "Basi ni dhambi kusherehekea siku hii?"

"Aa, dhambi ya nini? Kumpa mkeo zawadi ni jambo jema. Hata mimi niletee maua, nitayapokea! Lakini viatu vile ulimnunulia nani? Fridah, au watu wa simuni?"

Eugene aliitazama simu aliyoizima.

"Karamuni, Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi alivyowapenda, alifanya nini?"

"Aliwaosha miguu."

"Miguu, waona? Ya vumbi, yenye nyufa. Na mguu huwezi kuuosha bila kuutazama. Upendo wa Mkristo ndio huo. Ni kumtazama mwenzako na kumtumikia, siku isiyo na sherehe na asipokuwapo wa kukusifu."

Eugene aliinamisha kichwa. Baadaye aliruhusiwa kuingia wodini. Alikaa kando ya kitanda.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Ulisema, nami sikusikia."

"Nimekusamehe," Fridah alisema. "Lakini ukinijibu tena ukiwa na simu, nitaitia kwenye sufuria ya maharagwe." Wote wawili wakacheka.

Fridah alikaa hospitalini siku sita. Aliporudi nyumbani, Eugene alizoea kumuuliza kila jioni: kichwa je, macho je, mtoto amecheza? Alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu. Kila kliniki alienda naye, akasikiliza mwenyewe maneno ya muuguzi. Mwezi Machi, Fridah alijifungua hospitalini mtoto wa kike. Walimwita Phoebe. Alikuwa mdogo, lakini mapafu yake hayakuwa na kasoro. Majirani wote walimsikia!

Uvimbe uliisha. Siku ya kumpeleka Phoebe kanisani, Fridah alivaa viatu vyekundu, navyo vikamkaa sawasawa. Kadii alivitazama akatabasamu.

Kisha miezi ikapita. Mwezi wa Julai, Eugene alirudi kutoka kazini na karatasi iliyofungwa. Ndani mlikuwa na ndara mpya za bluu, namba thelathini na nane.

Fridah alishangaa. Alifikiria tarehe. Hawakuoana siku hiyo. Wala haikuwa siku yake ya kuzaliwa.

"Leo kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna. Niliona asubuhi ndara yako imekatika kamba."

"Lakini leo ni siku gani?"

"Leo ni Jumanne," Eugene alisema, akainama kumvika.