Kelele za Kona ya Kushoto

Kila asubuhi mimi hufuta vioo vya gari letu kuukuu kabla Mama hajanipeleka shule. Ijumaa ile nilivifuta huku nikirukaruka. Kesho yake ilikuwa fainali ya netiboli mji wa jirani, na Mama aliahidi kutubeba wachezaji wanne. Bila sisi, timu isingetimia.

Tatizo gari lilikuwa linagonga. Ko! Ko! Ko! Jirani alilisikia, akapaza sauti dirishani, "Shokapu hizo, zimekwisha!"

Jioni tukaenda gereji ya mtaani. Fundi, mzee mwenye kofia iliyojaa grisi, akatoka chini ya lori.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nibadilishie shokapu zote nne," Mama akasema. "Bei gani?"

Fundi akaitaja. Mama akashika kiuno. "Yote hiyo! Na litakuwa tayari lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu! Fainali yetu je? Nilishindwa kunyamaza.

"Lakini fundi, linagonga tukikata kona ya kushoto tu! Kwenye mashimo halisemi kitu. Mimi hukaa nyuma, nalisikia mgongoni kabisa."

"We mtoto, wakubwa wanaongea!" Mama akanikemea.

"Mwache, dada," fundi akasema. "Mbona wewe hukuniambia hayo? Umeagiza shokapu, nimekupa bei ya shokapu. Lete ufunguo, tuzunguke."

Kona ya kulia, kimya. Kona ya kushoto, ko! Fundi akasimama, akafungua buti, akainua tairi la akiba. Jeki ilikuwa imechomoka mahali pake, inabiringika kama kiazi kwenye sufuria tupu! Tulicheka hadi machozi. Akaifunga kwa mpira, dakika mbili tu.

"Nikulipe nini?"

"Ah, nenda zako."

"Hapana, fundi. Sitaki kupunjwa, wala sitaki kukupunja."

Basi akataja bei ndogo ya ukaguzi, Mama akalipa papo hapo.

"Siku nyingine lete dalili, dada," fundi akasema. "Ugonjwa niachie mimi niutafute. Na umshukuru huyu binti."

Kesho yake tulishinda fainali kwa bao moja! Nilirudi garini nikichechemea.

"Mama, mguu umevunjika!"

"Huo ni ugonjwa. Dalili je?"

"Unauma... nikikanyaga tu."

"Vua kiatu."

Kokoto ikadondoka. Wenzangu wakaangua kicheko, na Mama akaninyooshea kiganja.

"Haya, bei yangu ya ukaguzi iko wapi?"